Lushoto inataka miguu, ukifika Mombo kata kona upande

Kila mwisho wa mwaka watu wa Dar tunapanda kwa wingi kwenda Moshi na Arusha, basi linasimama Mombo, watu wanashuka kula na kunyoosha miguu, wauzaji wanasogea madirishani na plamu, pichi, pea na karoti za mafungu, tunanunua, tunarudi kwenye siti, safari inaendelea. Matunda yote yale yametoka huko juu, kwenye ule ukuta wa milima unaokuwa mkono wako wa kulia ukitokea Dar, na kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa 33 tu. Nina ndugu na marafiki kibao wamepita pale tangu wadogo na hawajawahi kukata ile kona, ndo maana nimeamua niandike yote ninayoyajua kuhusu Lushoto na milima ya Usambara Magharibi, mtu akiuliza tena niwe namtumia hii.

Na nasema mapema kabisa, Lushoto inataka miguu. Ukienda na gari, ukapiga picha kwenye mwamba wa Irente, ukala kuku ukageuza jioni hiyohiyo, bado hujafika Lushoto. Walau usiku tatu. Ukiweza wiki, wiki.

Kufika sio kazi. Mabasi ya moja kwa moja yapo kutoka Dar na kutoka Tanga, na ukikosa unapanda gari lolote la Moshi au Arusha unashuka Mombo, pale unakuta haisi na Noah zinazopandisha. Ile barabara yenyewe ni tukio, imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo. Mombo uko mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari na Lushoto karibu 1,400, kwa hiyo ndani ya saa moja na kidogo umepanda kilometa nzima kwenda juu, na unaisikia mwilini, joto linakata, masikio yanaziba, watu wanaanza kufunga vioo. Katikati ya njia kuna Soni, kamji kadogo kenye maporomoko yake ambayo unayaona hata ukiwa ndani ya gari. Ushauri wangu ni usipande usiku, sio kwa sababu ya woga tu, ila utakosa kuona, na kipindi cha masika mvua ikipiga sana udongo huwa unaporomoka barabarani kwa hiyo ulizia hali ya njia kabla hujaondoka.

Mji wenyewe ni mdogo, unaumaliza kwa miguu. Stendi, soko, misikiti, makanisa, maduka, majengo ya zamani ya Kijerumani maana wao walipaita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao na walipapenda kwa sababu ya baridi, chuo cha mahakama kipo hapo, mitaa ina miti mirefu. Sitakaa sana kwenye mji. Kitu cha kufanya mjini ni sokoni asubuhi, hasa siku ya gulio, uliza wenyeji ni lini ukiwa huko uipangie. Siku hiyo wanashuka watu kutoka vijiji vyote vya juu, akina mama wamejitanda kanga na vitenge wamebeba mizigo kichwani, na unaona kabichi, hoho, viazi, maharage, tangawizi, miwa, ndizi, na matunda ambayo Dar tunayauziwa moja moja kwa bei ya kuumiza huku yanapimwa kwa ndoo. Nunua parachichi na mkate, huo ndo msosi wako wa njiani.

Sasa Irente. Ni kama kilometa tano sita kutoka mjini, bodaboda watakuita wote na ni haki yao wanatafuta riziki, lakini nakusihi nenda kwa mguu na urudi na boda kama umechoka. Njia inapita kwenye mashamba na nyumba za watu, unapandisha taratibu, watoto wanakusalimia, unapishana na mtu na majani ya ng'ombe kichwani, halafu ghafla ardhi inaisha. Yani inaisha kweli. Unasimama kwenye ukingo wa mwamba na chini yako ukuta unashuka karibu mita 1,000 hadi Mazinde. Unaona mashamba ya mkonge yamenyooka mistari, unaona barabara kuu na mabasi yanatembea kama siafu, unaona reli ya Tanga ambayo ilifika Mombo mwaka 1905 kabla haijaendelea hadi Moshi, halafu zaidi ya hapo ni tambarare ya nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Upepo unaopanda kutoka chini una joto, mgongoni una baridi ya mlima. Nenda alasiri ukae mpaka jua lizame maana unaangalia upande wa magharibi, asubuhi mara nyingi kunakuwa na ukungu huoni kitu. Kiingilio kipo, ni hela ya kawaida, toa bila kulalamika. Na tafadhali usikae pembeni kabisa ya mwamba kwa ajili ya picha, pale hakuna uzio wa kukuzuia ukiteleza, na kama una watoto washike mkono mda wote.

Kabla hujafika kwenye mwamba kuna Shamba la Irente, ni la Kanisa la Kilutheri, na hapa naomba mnisikilize. Wanatengeneza jibini, siagi, jamu, mkate mweusi wa ngano ya rai, juisi, na wanakuandalia chakula cha mchana cha vitu vyao vyote hivyo na saladi iliyotoka bustanini unakula umekaa kwenye majani chini ya mti. Wajulishe mapema unakuja, usifike tu saa nane na kundi la watu kumi ukategemea kukuta chakula. Unachonunua pale kinabaki palepale kwa watu wa pale, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuondoka na chupa kadhaa za jamu kwenye begi.

Siku ya pili iwe ya Magamba. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 9,000, uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kiingilio kinalipwa kwa kontroo namba na unaingia na muongozaji. Watu wengi wakisikia hifadhi wanafikiria simba na tembo, wakiambiwa hakuna wanakata tamaa, sasa ngoja nieleze kwa nini mimi huo msitu naupenda kuliko mbuga nyingi. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya unashuka mpaka Udzungwa, na milima hii inakinga upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ndo maana misitu yake imebaki mibichi miaka mingi mno hata pale nchi za chini zilipokauka. Kila mlima ukawa kisiwa. Viumbe vilivyojifungia humo vikawa vya kwao peke yao, kuna ndege wanaopatikana Usambara tu na hakuna sehemu nyingine duniani, kuna vinyonga wa pembe mbili puani, madume yanapigana kwa hizo pembe, na hata yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanayaweka madirishani kwenye vyungu asili yake ni huku kwetu, Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa eneo hili, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka kwao mwaka 1892 ndo maana kitaalamu yakaitwa Saintpaulia. Dunia nzima inayauza, sisi wenyewe hatujui ni ya Tanga.

Ndani ya msitu kuna giza la kijani, miti ya mikulo minene hamwezi kuizungusha mikono watu wawili, ndevu za miti zinaning'inia, na kimya kimya unasikia matawi yanakatika juu, ukiangalia ni mbega, wale kima weusi wenye mabega na mkia mweupe, wanaruka familia nzima. Tembea polepole na ongea chini, wakisikia makelele wanaondoka. Muombe muongozaji akutoe usiku na tochi pembezoni mwa msitu kutafuta vinyonga, usiku wanalala kwenye ncha za matawi na rangi inapauka kwa hiyo tochi inawaona kirahisi kuliko mchana. Mwambie mapema kwamba hutaki washikwe shikwe kwa ajili ya picha, kinyonga akitolewa kwenye tawi lake usiku anasumbuka. Angalia, piga picha bila mwanga mkali, ondokeni.

Kama miguu inakuwasha na magoti yanaruhusu, basi sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Kutembea kutoka Lushoto mpaka Mtae.

Hii ni safari ya siku tatu mpaka nne kwa mwendo wa kawaida. Unatoka Lushoto unapita msitu wa Magamba unatokea upande wa Lukozi, kesho yake Rangwi, halafu Mtae. Lukozi ndo kwenye mboga, malori yanapakia viazi, karoti na kabichi kuelekea masoko ya Dar, na ukikaa pale nusu saa ukanywa chai ukawaangalia watu wanavyoosha karoti na kufunga magunia utaiangalia sahani yako kwa heshima nyingine. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angedhani ni ya mbuzi tu, kuna matuta ya kuzuia udongo usiondoke na mvua, kuna majani ya ng'ombe yamepandwa kwenye kingo, migomba chini bondeni, mboga pembeni ya kijito, mahindi na maharage juu. Kila kipande kina mwenyewe na kina kazi. Tafadhali pita kwenye njia, usikanyage matuta ya mtu ili ufupishe.

Rangwi kuna masista wa Kikatoliki wana nyumba ya wageni, pasafi, bustani nzuri, maji ya moto ya kuoga na chakula cha moto, na baada ya kutwa nzima ya kupanda na kushuka hayo maji ya moto utayakumbuka. Wao pia wanataka taarifa mapema. Kutoka hapo unaendelea kwa njia za vijijini na misitu mpaka kwenye ukingo wa kaskazini magharibi wa milima, na hapo ndo Mtae.

Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, nyumba zimepangana kwenye mstari mwembamba na pande zote mbili ni bonde. Ukisimama sehemu nzuri unaona karibu mzunguko wote, chini hifadhi ya Mkomazi, ng'ambo milima ya Upare, na hewa ikiwa safi, hasa asubuhi mapema au jioni baada ya mvua, Kilimanjaro inajitokeza kule mbali. Asubuhi nyingi mawingu yanakuwa chini yako yamejaza bonde lote. Jirani kuna kijiji cha Mambo kiko juu zaidi, na pale pia kuna sehemu ya kulala kwenye ukingo kabisa, kwa hiyo ukiwa na siku ya ziada igawe. Mi naona huu ndo ukingo mzuri kuliko wote Tanzania na niko tayari kubishana na mtu wa Irente, wa Ngorongoro na wa popote.

Lakini kinachonifanya niipende hii njia zaidi ya mandhari ni watu. Hizi njia hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii, ndo njia za watu kwenda sokoni, shuleni, msikitini, kanisani, kisimani. Unapishana na bibi amebeba kuni anapanda mlima ambao wewe umeshika kiuno, unamwambia "Shikamoo bibi", anakwambia "Marahaba mwanangu, pole na safari", na anaendelea kupanda. Mzee akikuuliza mnakwenda wapi mkamwambia Mtae atasema "Haa, si mbali", na kumbe ni siku nzima mbele yenu, wao mlima hawauoni. Salimia kila mtu. Usipite bila salamu na spika begani inapiga muziki, jamani hili nalisema kwa uchungu maana nimeona makundi yetu ya mjini yakifanya hivyo, msitu mzima unakimbia na wazee wanabaki wanatutazama. Vaa vizuri pia, vijiji vingi ni vya Waislamu na Wakristo wanaoshika dini yao, suruali au sketi ndefu, kanga kwenye begi, inatosha. Na picha ya mtu anaombwa kwanza.

Muongozaji ni lazima kwa hii safari, na hata pale ambapo sio lazima mchukue. Pale mjini karibu na stendi kuna vikundi vya utalii wa kitamaduni vina ofisi kabisa, mojawapo ni Friends of Usambara ambao pia wanahusika na upandaji miti. Utakutana na vijana stendi watakuambia wao ni waongozaji, wengine ni wazuri na wengine hawana kibali, nenda ofisini, uliza bei mbele ya kila mtu, uliza ndani yake kuna nini, kiingilio cha msitu kimo? chakula kimo? malazi? nauli ya kurudi? Mkishakubaliana lipa, pewa risiti. Mtanzania uliza bei ya Mtanzania, ipo, lakini usimkandamize kijana anayekuongoza siku nne kwenye milima ya kwao anakubebea na stori zote. Mimi nawauliza hasa stori za ufalme wa Wakilindi, ule ukoo uliowatawala Wasambaa, jinsi Mbegha mwindaji kutoka Ungulu alivyokuja akawa anawagawia watu nyama na kuua nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba mpaka wakampa utawala, na Kimweri wa Nyumbai aliyetawala kutoka Vuga mpaka alipofariki mwaka 1862 na himaya yake ikafika hadi pwani. Kila muongozaji ana namna yake ya kuisimulia, na kuisikia ukiwa umekaa juu ya jiwe unaangalia vilima vyenyewe ni tofauti kabisa na kuisoma darasani. Vuga yenyewe iko upande wa Soni, unaweza kwenda kwa siku moja.

Kama hutaki safari ndefu bado vitu vipo. Baiskeli za milimani zinakodishwa, njia za vumbi ni nzuri ila breki zikaguliwe kwanza kabla hujalipa maana miteremko ya huku sio mchezo. Mlalo ni kama kilometa 30 kutoka Lushoto, mji wa bondeni wenye nyumba za ghorofa moja za udongo na vibaraza vya mbao, haufanani na mji wowote nchini. Karibu na Soni kuna Sakharani, misheni ya Wabenediktini, wanalima makadamia na zabibu. Bumbuli kuna mashamba ya chai. Kila moja ni siku nzima, usijaribu kuyafanya yote kwa mkupuo.

Baridi. Watu hawanisikii kwenye hili. Juni mpaka Agosti usiku ni baridi ya kweli, sweta zito, soksi, kofia, na muulize mwenye gesti kama kuna maji ya moto na blanketi la pili kabla hujalipia chumba. Masika ya Machi mpaka Mei njia zinakuwa utelezi mtupu na ukungu unafunga, siku hizo kaa mjini usome kitabu. Mi naona miezi mizuri ya kutembea ni kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, na Januari Februari kabla mvua haijarudi, kuna jua na matunda bado yapo. Viatu viwe vya kushika, raba zenye soli iliyolika zitakuangusha. Koti la mvua beba miezi yote. Mashine za kutolea hela ziko mjini, ukishatoka huko mbele ni keshi na simu kwa hiyo toa mapema na omba upewe noti ndogo, mama anayeuza maandazi Lukozi hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Maji kila mtu lita mbili walau, na chupa tupu irudi nayo mjini, usiiache kijijini maana kule hakuna gari la taka.

Kwa wenye wazazi wazee au watoto wadogo, fanyeni Irente kwa gari, chakula cha mchana shambani, halafu siku nyingine Magamba njia fupi, watoto wa kuanzia miaka saba hivi wanaimudu wakitembea kwa kupumzika. Mtae mnaweza kufika na gari pia ila ni masaa mengi ya barabara ya vumbi na kona, wenye kutapika wakae mbele.

Na kurudi kutoka Mtae, mabasi yanaondoka alfajiri sana, kabla ya adhana wakati mwingine, kwa hiyo konda mtafute jioni yake mkubaliane siti, mwambie na mwenye gesti akugongee mlango. Ukilikosa hilo unaweza kukaa mpaka kesho yake, ambapo kwa Mtae sio hasara.